HELIKOPTA YA FUNDI WETU: MAKOFI HAYATOSHI

Kila mara habari inapoenea kwamba fundi fulani wa nchi hii ameunda helikopta, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Wako wanaompigia makofi na kumwita shujaa kabla chombo chake hakijainuka ardhini hata shubiri moja. Na wako wanaomcheka, wakisema kazi hiyo si ya watu kama sisi, heri arudi kuchomelea milango na madirisha. Sisi twasema makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hakuna aliyeuliza swali lipasalo kuulizwa. Swali lenyewe ni hili: chombo hicho kimepimwa na nani, kwa muda gani, na kwa kipimo kipi?

Twalileta jambo hili mbele ya wasomaji tukiifikiria hasa nchi ya Isingiro, huko mkoani Kagera, katika Karagwe ya zamani ambayo tangu mwaka 2012 imekuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Ni nchi ya migongo mirefu ya vilima na mabonde yenye migomba na kahawa, iliyopakana na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Ng'ambo ya Mto Kagera iko Isingiro nyingine, ya Uganda, yenye jina hilo hilo. Kutoka hapa hadi Bukoba, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi kidogo ya kilometa 100. Na hospitali kubwa ya kanda, Bugando, iko Mwanza, kusini mwa Ziwa. Lakini binadamu hasafiri kwa mstari ulionyooka. Hupanda, hushuka na kuzunguka, na wakati wa masika hukwama. Mtu wa Isingiro anapoitazama helikopta ikipita juu, mara nyingi katika msimu wa kampeni za uchaguzi, hana haja ya kuelezwa faida yake.

Kwa hiyo tamaa ya kuwa na helikopta ndogo, tena iliyoundwa na mikono yetu, si upuuzi hata kidogo. Lakini tamaa njema haibebi mtu hewani. Yatupasa tujue chombo hiki ni kitu gani, kinaweza nini, na kwa nini kuunda kilicho kamili ni kazi ya miaka mingi.

INJINI NA HEWA YA VILIMANI

Helikopta ni za namna mbili kwa upande wa nguvu. Zile kubwa hutumia injini za tabaini, ambazo ni jamaa ya injini za jeti. Zile ndogo hutumia injini ya pistoni, yaani injini ya petroli ambayo kwa asili yake haitofautiani sana na ile ya gari. Hii ya pili ndiyo inayowatia mafundi wetu moyo, kwa sababu pistoni, kabureta, klachi na giaboksi ni vitu wanavyovishika kila siku. Fundi husema: injini naijua, chuma nakijua, kilichobaki ni panga za juu na mkia.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu. Gari likiwa barabarani tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za injini yake. Helikopta inapoelea mahali pamoja hutumia karibu nguvu zote, bila kupumzika. Injini iliyotolewa katika gari ikatiwa katika helikopta ni kama mpagazi aliyezoea kubeba debe moja, akatwikwa magunia mawili na kuambiwa apande mlima akikimbia.

Na mlima hapa si mfano tu. Sehemu kubwa za nyanda za Karagwe na Kyerwa ziko juu ya meta 1,300 kutoka usawa wa bahari, na migongo mingi hupita meta 1,500. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini ya pistoni isiyo na pampu ya kuisukumia hewa hupoteza yapata sehemu 15 za nguvu zake katika kila 100 ifikapo meta 1,500, na jua la mchana huzidisha hasara hiyo. Wakati huo huo panga nazo, kwa kuwa zinakata hewa nyepesi, zadai nguvu zaidi ili kuinua mzigo ule ule. Chombo kilichoinuka vizuri Dar es Salaam chaweza kukataa kabisa kuinuka Isingiro kikiwa na watu wawili.

Wenye kuijua kazi hii walilifikiria jambo hilo mapema. Tazama helikopta ya Robinson R22 ya Marekani, ambayo ni kielelezo cha helikopta ndogo duniani. Aina yake iitwayo Beta II hubeba watu wawili, na uzito wake wote ukiwa na mzigo hauzidi kilo 622. Injini yake ya Lycoming ina uwezo wa nguvu za farasi 180, lakini rubani haruhusiwi kutumia zaidi ya 131 wakati wa kuruka na 124 katika safari. Kwa nini kununua farasi 180 na kuwafunga 49 zizini? Kwanza, injini isiyokamuliwa hadi tone la mwisho hudumu. Pili, ikipanda kwenye hewa nyepesi bado ina akiba. Piga hesabu mwenyewe: ukiondoa sehemu 15 katika 100 kutoka 180 zinabaki 153, nazo bado zinapita zile 131 zinazoruhusiwa. Hiyo ndiyo maana ya ubunifu: kuijua shida kabla haijakukuta angani.

Kuna na jambo la ukungu. Karagwe ina asubuhi nyingi za unyevu na mawingu ya chini. Hewa yenye unyevu ikipita katika kabureta hupoa ghafla, na barafu hufanyika ndani yake hata kama nje hakuna baridi ya kugandisha. Injini hukohoa, kisha hunyamaza. Kwa sababu hiyo helikopta hizi huwekewa kifaa cha kupasha kabureta joto na saa ya kuonyesha hali yake. Fundi aliyezoea magari ya Kayanga au Nkwenda hana sababu ya kulijua jambo hili, kwa maana gari likizimika husimama kando ya barabara.

KAMBA YA SIKORSKY

Tugeukie sasa historia, maana ndani yake mna somo kubwa kwetu. Tarehe 14 Septemba 1939, huko Marekani, Igor Sikorsky aliiinua helikopta yake iitwayo VS-300. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 75 tu, pungufu ya motokaa nyingi ndogo za siku hizi. Lakini yafaa kukumbuka kwamba siku hiyo chombo kilikuwa kimefungwa kamba ardhini. Kikainuka kidogo, kikatua. Siku za mbele kikainuka tena, kikatua tena, kikafumuliwa na kuundwa upya. Kiliruka bila kamba tarehe 13 Mei 1940, yaani baada ya miezi minane. Naye Sikorsky hakuwa mwanafunzi: alikuwa amekwisha kuunda ndege kubwa, na nyuma yake palikuwa na kampuni yenye fedha. Hata hivyo hakuona haya kufunga kamba.

Miaka zaidi ya thelathini baadaye akaja Frank Robinson. Huyu alikuwa amefanya kazi katika viwanda vya ndege na helikopta kwa miaka mingi, pamoja na Cessna, Bell na Hughes, akijaribu kuwashawishi wakubwa wake waunde helikopta ndogo ya bei nafuu. Hawakukubali. Mwaka 1973 alianzisha kampuni yake, na kazi ikaanzia nyumbani kwake California. Wapendao kusimulia hadithi ya fundi wa uani husimama hapo. Sisi twaendelea mbele kidogo. R22 yake iliruka mara ya kwanza Agosti 1975. Cheti cha Serikali cha kuruhusu iuzwe kilipatikana Machi 1979. Kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka mitatu na nusu ya kupima, kuvunja, kurekebisha na kuandika. Chombo kilikuwa tayari kinaruka; kilichokosekana ni ushahidi kwamba kitaendelea kuruka.

Kwa nini ushahidi huo wadaiwa kwa ukali namna hiyo? Kwa sababu upanga wa helikopta ndogo huzunguka zaidi ya mara 500 kwa dakika, na nguvu inayouvuta kwenda nje ni ya tani kadhaa. Ufa mwembamba kama unywele, usioonekana kwa macho, hukua kila mzunguko mpaka chuma kikatike. Tena injini ikizimika, rubani wa R22 ana muda usiofika sekunde mbili kushusha mtambo wa panga ili ziendelee kuzunguka kwa upepo na kumtua salama. Akichelewa, panga hupungua mwendo na chombo huanguka kama jiwe.

Na hata cheti si mwisho wa hadithi. Mwaka 1995, baada ya ajali nyingi, Serikali ya Marekani ilitoa kanuni maalumu ya mafunzo kwa marubani wa R22 na ya ndugu yake mkubwa, R44 ya viti vinne. Hatari moja kubwa ilikuwa hii: rubani akiisukuma helikopta ghafla kwenda chini, panga hupoteza mzigo, kitovu chake chaweza kuugonga mlingoti unaozibeba, na upanga hukata mwili wa chombo. Mwaka 2016 wachunguzi wa ajali wa New Zealand, nchi ya milima na pepo kali, waliiweka hatari hiyo katika orodha ya mambo yanayowatia wasiwasi mkubwa. Ikiwa kampuni iliyokwisha kuunda helikopta kwa maelfu bado yaandamwa na maswali, je, fundi wa peke yake asiulizwe lolote?

HELIKOPTA NDOGO KATIKA NCHI YETU

Hapa Tanzania vyombo vya namna hii si vigeni, na vimekwisha kutufundisha kwa uchungu. Mwaka 2014 Wizara ya Maliasili na Utalii ilipewa helikopta ya R44 na mfuko wa Howard G. Buffett ili kupambana na majangili wa tembo. Desemba mwaka huo huo ikaanguka Kipunguni, Dar es Salaam, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Tarehe 29 Januari 2016 rubani Mwingereza, Roger Gower, alipigwa risasi na majangili akiwa katika R44 juu ya Pori la Akiba la Maswa, akafariki. Vyombo hivi hufanya kazi ya kweli, nayo ina gharama ya kweli.

Je, Isingiro ingefaidika nini? Hapa yatupasa tuwe wakweli, maana wananchi wamechoka kuahidiwa. Helikopta ya viti viwili au vinne vya pistoni si gari la wagonjwa. Mama aliyeshikwa na uchungu mgumu au mtu aliyevunjika mgongo hawezi kulazwa ndani yake. Yaweza kumleta daktari kwa mgonjwa. Kumpeleka mgonjwa amelala haiwezi. Wala haifai kwa kunyunyizia dawa mashamba yetu, ambayo ni vipande vidogo vya migomba na mibuni vilivyobanana na nyumba za watu. Na kwa kupeleka damu au dawa, mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani ilijaribiwa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, umbali wa kilometa 60, ikafika kwa muda wa dakika 40 hivi. Kwa kazi hiyo hakuna haja ya kuhatarisha roho ya mtu.

Inapofaa ni penginepo. Mwaka 2019 zilitangazwa hifadhi mpya za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, ambazo askari wake wana mabonde na vichaka vingi vya kulinda. Kukagua mto unapofurika, kutafuta waliopotea, kupima ardhi, kumfikisha mganga au mhandisi mahali ambapo barabara imekatika, na kufundisha marubani wapya: hizo ndizo kazi za helikopta ndogo. Si haba. Lakini asitokee mtu akawaambia watu wa Isingiro kwamba helikopta itashika mahali pa barabara, gari la wagonjwa na zahanati yenye mganga. Hivyo ndivyo vya kwanza.

Tena yako mambo ya mafuta na matunzo. Injini hizi za Lycoming hutaka petroli maalumu ya ndege, ambayo ni adimu katika viwanja vidogo. Mafuta yanayopatikana kwa urahisi zaidi ni ya jeti, nayo hayafai. Na Robinson hudai kwamba chombo kizima kifumuliwe na kufanywa upya kila baada ya saa 2,200 za kuruka au miaka 12, mojawapo likitangulia. Mtu anayefikiri kwamba bei ya helikopta ni bei ya kuinunua, na afikiri tena.

Kwa upande wa uundaji, hatuko mikono mitupu. Chuo cha Ufundi Arusha kilibuni helikopta ya viti viwili ya injini ya petroli, na habari zake zikasambaa ndani na nje ya nchi. Fundi mmoja wa Tunduma, mkoani Songwe, naye akajulikana kwa helikopta aliyoiunda katika karakana yake. Morogoro kuna kampuni, yenye asili ya Ucheki, iliyoanza kuunda ndege ndogo za viti viwili aina ya Skyleader. Zamani kidogo, Nyumbu ya Kibaha ilibuni lori la Kitanzania, likatembea, likasifiwa. Lakini fedha ya kulitoa kwa wingi haikupatikana. Ubongo na mikono tunavyo. Kinachotuponyoka mara kwa mara ni ile miaka mitatu na nusu ya Robinson, yaani muda baina ya chombo kinachopigwa picha na chombo kinachoaminika.

Hasara ya jambo hilo twaijua Kagera kuliko wengine. Mhunzi wa nchi hii aliyeyusha chuma karne nyingi kabla ya kuja Mzungu. Mwaka 1978 wataalamu Schmidt na Avery walitangaza kwa ulimwengu jinsi tanuru za Wahaya zilivyokuwa za ustadi mkubwa. Speke alipofika kwa Mkama Rumanyika mwaka 1861 alikuta vitu vya chuma na shaba vya ajabu katika hazina yake. Lakini chuma rahisi cha kigeni kilipoingia, tanuru zikazimika, na ujuzi ukabaki kwa wazee wachache. Haukufa kwa sababu ulikuwa duni. Ulikufa kwa kukosa kazi ya kuutumia na mwanafunzi wa kuurithi.

LIFANYWE NINI?

Kwanza, mlango wa sheria uwe na njia ya kupita. Ni haki kabisa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kukataza chombo kisichopimwa kuruka juu ya vichwa vya watu. Lakini kumwambia fundi "usiruke" na kuishia hapo ni nusu ya kazi. Marekani chombo kilichoundwa na mtu binafsi hupewa hati ya majaribio, kisha hulazimika kuruka saa 25 au 40 katika eneo lililotengwa, mbali na makazi, kabla ya kuruhusiwa kwenda kwingine. Nchi yetu haikosi mahali patupu. Itengwe sehemu moja, iwekwe mitambo ya kupimia injini na panga, na nguzo ya kufungia kamba kama ya Sikorsky.

Pili, fundi asiachwe peke yake. Aunganishwe na wahandisi wa vyuo vyetu, nao wasimwendee kama mahakimu. Yeye ana mikono na ushupavu, wao wana hesabu na vipimo. Kila kundi bila lingine ni guu moja.

Tatu, tuanzie pale penye chakula. Kabla ya kuuza helikopta nzima, tujifunze kuzifumua na kuzitunza zilizopo, kutengeneza baadhi ya vipuri vyake kwa kibali, na kuwafundisha vijana kuusoma ufa katika chuma. Nchi inayoijua kazi ya matunzo ndiyo itakayokuja kuijua kazi ya kuunda.

Na kwa kijana wa Isingiro mwenye karakana, ambaye usiku huota panga zikizunguka, tuna neno moja. Usikubali kuchekwa, wala usikubali kusukumwa na makofi. Siku watu watakapojaa uwanjani na kukupigia kelele uruke, wewe funga kamba. Inua chombo kidogo, kitue, andika ulichokiona, kisha kifumue. Umati utaondoka ukinung'unika kwamba hawakuona kitu. Waache waende. Wewe utakuwa hai kesho asubuhi kuirudia kazi yako.